Shule zinazochuja watoto zisisifiwe kwa kufaulisha

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako kimya kimya, hata pale mlipoandika mambo ambayo mimi niliyaona vingine kwa macho yangu. Lakini ile taarifa yenu ya matokeo ya kidato cha nne, iliyozipanga shule za kata, yaani sekondari za serikali zilizojengwa kwa nguvu za wananchi katika kata zao, mkiani na kumalizia kwamba wingi umeua ubora, imenikera mno. Safari hii sinyamazi.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nilimaliza darasa la saba nikachukuliwa pamoja na vijana wenzangu wa kijijini, kwa sababu Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wote hao kwa muda ule. Tulisomea kazi tukiwa kazini. Asubuhi unafundisha, jioni unafundishwa na mratibu, usiku unasikiliza vipindi vya redio na kujibu masomo ya posta kwa mwanga wa kibatari. Wenye elimu zao wakatutukana kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, na tusi hilo tumelibeba mpaka tumestaafu. Sijamsikia hata mmoja wao akieleza watoto wale wangefundishwa na nani kama si sisi. Wangebaki machungani, na wasichana wangeozwa mapema.

Mnaposema zamani elimu ilikuwa na ubora, mnazungumzia shule zipi? Tabora, Ilboru, Mzumbe, Kibaha. Zilikuwa nzuri, sibishi. Lakini zilipokea vinara wa darasa la saba kutoka nchi nzima, wachache sana, na sisi wengine tulirudi nyumbani kushika jembe. Hakuna gazeti lililotuhesabu kuwa tumefeli kidato cha nne, maana hata mlango wa sekondari hatukuuona. Mwaka 2004 ulipoanza MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi wakachangishwa matofali, mchanga na nguvu kazi, na katika miaka michache shule za sekondari zikatoka kama 1,000 zikapita 4,000. Ndipo watoto wa wale waliorudi nyumbani nao wakaingia. Walikuta majengo hayana maabara, hayana vitabu, hayana mwalimu wa hisabati. Vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kusukumwa darasani, wakaitwa voda fasta, yaani walimu wa haraka haraka, kama sisi tulivyopewa majina yetu. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, yaani wamefeli. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakapangwa upya, na lawama ikabaki shingoni mwa watoto na shule zao. Watoto wale waliitwa shuleni, kisha wakatelekezwa na hao hao waliowaita. Hilo ndilo la kuuliza, na wa kuulizwa wanajulikana.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya binafsi, mojawapo ya zile zenye mabango makubwa barabarani yenye picha za wanafunzi na maneno kwamba hawana daraja la tatu wala la nne. Ripoti ya muhula ilikuja na wastani wa 47, umezungushiwa kalamu nyekundu, na chini yake pameandikwa mzazi afike ofisini. Baba yake alikuwa safarini, nikaenda mimi. Mkuu wa shule alinikaribisha vizuri, akaniita mwalimu mwenzake, kisha akasema, "Mzee wangu, huyu binti ana nidhamu, hatuna tatizo naye kabisa. Ila wastani wetu hapa ni 50, na akifanyia mtihani hapa atatushusha." Akanipa njia tatu: arudie darasa, ahame, au aendelee kulala bweni lao, kusoma kwao na kulipa ada kwao, ila asajiliwe kituo kingine cha mtihani. Hiyo ya tatu ilinipandisha hasira mpaka nikasimama. Ada waipokee wao, kufeli kuandikwe kwa wengine! Nilikuwa nimelibeba daftari lake la hisabati. Nikalifungua mezani nikamwonyesha kurasa kwa kurasa ambazo hazikuwa na vema wala kosa, kazi tupu za mtoto ambazo hakuna mwalimu aliyezitazama. Nikamuuliza kama hiyo 47 ni ya mtoto au ni ya shule. Akanijibu kwamba huo ndio utaratibu, na kwamba wazazi tulitia saini fomu. Serikali imekataza mara kadhaa watoto kufukuzwa au kukaririshwa kwa sababu ya wastani wa shule, na wao wanalijua hilo kuliko mimi. Hospitali ikiwatoa nje wagonjwa mahututi ili iandikwe kwamba kwake hafi mtu, mtaiita hospitali bora? Basi mbona shule ya namna hiyo mnaipa ukurasa wa mbele?

Leo mjukuu wangu yuko shule ya kata. Mkuu wa shule, mama mmoja ambaye nilimkuta akigawa chaki mwenyewe, hakuuliza wastani. Aliuliza kama mtoto ana sare na anatokea mbali kiasi gani. Darasa analosomea lilijengwa kwa fedha za UVIKO, ule mkopo wa kukabili athari za korona, ni moja ya yale 15,000 ya mwaka 2021, zuri, limepakwa rangi, lakini ndani yake wamo zaidi ya 80 na mwalimu wa fizikia ni mmoja shule nzima. Mtoto akipata daraja la nne pale, mtaandika kwamba shule ya kata imemfelisha, na ile iliyomtoa mtaiandika kinara.

Na hapo sijasema habari ya kufika shuleni. Hawa wa shule za kata wanasimama kituoni tangu alfajiri, konda anawazuia kwa mkono mlangoni kwa sababu nauli yao ni shilingi 200 na abiria mtu mzima analipa zaidi. Mjukuu wangu amefika getini kipindi cha kwanza kimekwisha, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi. Askari wa usalama barabarani wanayaona, madereva wanawajua kwa majina, na hakuna anayeguswa.

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, na lilifanya vema. Magazeti mkaichukua kazi hiyo nyinyi. Mnafungua tovuti, mnahesabu madaraja, mnapanga orodha.

Kama lazima mpange, nina ombi. Matokeo ya kila mtoto yahesabiwe kwa shule iliyompokea kidato cha kwanza, popote alipofanyia mtihani. Aliyehama kwa sababu mzazi kahamishwa kazi, barua ya uhamisho ipo, huyo atolewe kwenye hesabu. Mpaka Baraza na wizara watakapokubali kufanya hivyo, nyinyi wekeni safu tatu pembeni ya jina la shule: walioingia kidato cha kwanza, waliofanya mtihani wa kidato cha nne, na idadi ya walimu wa hisabati. Shule ikikataa kuwapa hesabu hizo, andikeni pale kwenye nafasi yake kwamba imekataa, na msiipe namba yoyote kwenye orodha.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro