Ngome ya Fort Snelling na karatasi zake

Minneapolis

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniuliza ile ngome ya mawe iliyo jirani na uwanja wa ndege wa hapa ilipigana vita gani. Fort Snelling haikupata kushambuliwa hata mara moja. Madhara yake makubwa, kwa maoni yangu, yalifanywa kwa kalamu.

Mwaka 1805 Luteni Zebulon Pike alitiliana saini na viongozi wawili wa Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, mkataba wa kuiachia Marekani ardhi ya makutano ya mito Mississippi na Minnesota, mahali ambapo wenyewe hupaita Bdote na kupaenzi kuwa ni pa asili yao. Nafasi ya kuandika bei iliachwa tupu, na Seneti ikaja kuijaza dola 2,000 mwaka 1808, ilhali Pike mwenyewe aliikadiria ardhi hiyo kuwa na thamani ya dola 200,000. Askari walifika mwaka 1819, wengi wakafa kwa kiseyeye katika majira ya baridi ya kwanza, kisha Kanali Josiah Snelling akasimamia ujenzi hadi mwaka 1825.

Sheria ya mwaka 1820 ilipiga marufuku utumwa katika eneo hilo, lakini jeshi liliwalipa maofisa posho ya mtumishi, na mwenye mtumwa aliitia posho hiyo mfukoni. Kwa njia hiyo mtumwa Dred Scott aliletwa hapo mwaka 1836 na daktari wa jeshi, John Emerson, naye Scott akamwoa Harriet Robinson, mtumwa wa wakala wa serikali Lawrence Taliaferro, naye Taliaferro huyohuyo, shangaa nawe, ndiye aliyewafungisha ndoa. Baadaye walidai uhuru mahakamani kwa kuwa waliishi katika ardhi isiyoruhusu utumwa, na mwaka 1857 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani.

Baada ya vita vya mwaka 1862 kati ya Wadakota na Marekani, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa bondeni chini ya ngome ndani ya uzio wa mbao, ambamo surua na maradhi mengine yaliua watu wengi katika baridi kali. Kabla baridi haijaisha, Bunge lilifuta mikataba yote ya Wadakota kwa sheria ya Februari 1863, na ilipofika Mei waliosalia wakapakiwa melini na kupelekwa Crow Creek, katika eneo ambalo leo ni jimbo la South Dakota.

Rafiki yako,
Salma