Hati ya udhamini (COS) haiuzwi, na mlango wa kuhudumia wazee Uingereza umefungwa

Mhariri,

Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza mpya ya kazi ya kuhudumia wazee kwa mtu aliye nje ya nchi hiyo. Naanza na habari hii ili hata atakayeiacha barua yangu hapa awe ameipata. Anayekwambia leo, ukiwa Kisii au Kilifi, kwamba ana nafasi yako ya kuhudumia wazee Leeds au Birmingham na kinachosubiriwa ni pesa zako tu, huyo anakuibia.

Mimi ni Mkenya, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya kaskazini mwa England tangu mwishoni mwa 2022. Simu za kutoka nyumbani hazikomi. Juzi alinipigia mwalimu wangu wa shule ya msingi, mtu ninayemheshimu kama mzazi, akitaka kujua kama wakala fulani wa mjini ni wa kuaminika. Mwanawe alikuwa ameshalipa malipo ya kwanza. Nikamwambia, "Mwalimu, mwambie asitume hata senti moja zaidi." Tangazo alilonitumia kwa WhatsApp lilikuwa limepigwa picha kwenye ukurasa wa matangazo madogo wa gazeti hili. Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri.

Mlango huo ulifunguliwa wakati wa dhiki. Uingereza ilikuwa imejitoa Umoja wa Ulaya, korona ilikuwa imewamaliza nguvu wahudumu, na mwaka wa 2021/22 England pekee ilikuwa na nafasi wazi zipatazo 165,000 katika huduma za wazee na walemavu. Februari 2022 kazi yetu ikaingizwa kwenye orodha ya kazi zenye uhaba, nasi tukaruhusiwa kuomba viza ya afya na malezi ambayo tangu 2020 ilikuwa ya madaktari, wauguzi na wenzao. Mwaka 2023 viza hizo zilitolewa kwa wafanyakazi takriban 146,000, bila kuhesabu familia zao. Penye watu wengi namna hiyo wanaotafuta riziki, walanguzi hawakosi.

Wapo nyumbani wanaotucheka, wanasema tumevuka bahari kwenda kuosha Wazungu. Nataka niseme kazi hii ni nini. Ni kukesha zamu ya saa kumi na mbili ukimgeuza mtu asiyeweza kujigeuza ili mgongo wake usitoke vidonda. Ni kumlisha kijiko kwa kijiko mtu ambaye koo lake limesahau kumeza, bila haraka, maana ukiharakisha anapaliwa. Ni kutambua kwamba bibi aliyezoea kupiga gumzo leo amenyamaza, ukamwambia muuguzi, ikabainika ana maambukizi ya njia ya mkojo. Ninaye mzee mmoja aliyechimba makaa ya mawe ujanani. Ugonjwa wa usahaulifu umemnyang'anya majina ya wanawe, lakini mimi huniita kwa jina la dada yake, na akiniona hutulia akala. Sioni aibu hata kidogo kwa kazi hii. Naona uchungu inapouzwa kama ng'ombe wa mnada.

Sasa tuseme habari ya karatasi wanayoiuza mawakala. Hati ya udhamini, ambayo huku na huko watu huiita COS, ni namba anayoitoa mwajiri mwenye leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, kwa mtu mmoja na kwa kazi moja. Anayeilipia ni mwajiri. Mpaka Aprili 2025 ada yake ilikuwa pauni 239, pesa ambazo kwa shilingi zetu hazikufika elfu hamsini, kisha ikapandishwa hadi pauni 525. Tangu mwisho wa 2024 kanuni zinamkataza mwajiri waziwazi kumtupia mfanyakazi ada hiyo. Kinachomhusu mwombaji ni ada ya viza yake, ambayo kwa viwango vya Aprili 2025 ilikuwa pauni 304 kwa viza isiyozidi miaka mitatu, pamoja na kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza. Ile ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa mwaka ambayo wahamiaji wengine hutozwa, sisi wa viza hii tumesamehewa. Mwajiri wangu mwenyewe alilipia COS yangu na tiketi ya ndege, na hakuna siku amenikata mshahara kwa sababu hiyo. Waajiri wa aina hiyo wapo.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, hakuangukia mikono hiyo. Wakala alimdai shilingi milioni moja na laki sita. Familia iliuza kipande cha shamba na ng'ombe wawili wa maziwa, kilichobaki wakakopa kwenye chama. Nimeiona bili yake. Ada ya matibabu imo, ya miaka mitatu kamili, ada ambayo haipo kwa viza yake! Aliahidiwa saa 39 za kazi kwa wiki, na kwamba watoto wake wawili wangemfuata baada ya miezi michache. Alisafiri Juni 2024. Wakati huo sheria ya kuwazuia wahudumu wa wazee kuja na watoto au wenzi wao ilikuwa imeanza tangu Machi 11 mwaka huohuo, na wakala alijua. Watoto wako kwa bibi yao hadi leo.

Kampuni iliyomdhamini ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Huko unatembelea nyumba moja baada ya nyingine, hapa robo saa, pale nusu saa, na muda wa kutoka nyumba hadi nyumba hakulipwa, ingawa sheria ya kima cha chini cha mshahara inauhesabu kuwa muda wa kazi. Wiki nyingine alipata saa kumi na mbili, nyingine chini ya hapo. Gari lilikuwa lazima, na leseni ya udereva ya Kenya inatumika Uingereza kwa miezi 12 tu, baada ya hapo ufanye mtihani wao upya. Alipouliza zilikokwenda saa 39 za mkataba, meneja alimjibu kwamba anaweza kuondoa udhamini wakati wowote. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakuuliza tena jambo lolote.

Hapa ndipo penye kisu. Viza hii imemfunga mfanyakazi kwa mwajiri. Kazi ya ziada unaruhusiwa, lakini isizidi saa 20 kwa wiki, na ni lazima kazi ile ya udhamini iendelee. Msaada wa serikali hupati. Mwajiri akikuacha au akinyang'anywa leseni, Wizara inakuandikia barua, na kwa kawaida unapewa siku 60 umpate mdhamini mwingine au uondoke. Mtu mwenye deni la chama nyumbani na siku 60 mkononi hawezi kumshtaki mtu. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kimekuwa kikidai viza isifungwe kwa mwajiri mmoja, mfanyakazi aweze kuhama ndani ya sekta, nami naungana nacho kwa moyo wote. Serikali ya huko yenyewe imesema kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii, na kwamba wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa na waajiri hao. Kampuni ilikosa leseni, lakini aliyekosa usingizi ni mfanyakazi.

Leseni ya kampuni iliyomdhamini mdogo wangu ilifutwa pia. Alihangaika, akapata mahali kupitia ofisi za kanda zilizowekwa England kuwaunganisha waliopoteza wadhamini na waajiri wapya. Ninamshukuru Mungu kwa hilo. Wengi waliokuwa naye hawakupata.

Mlango wa mbele umefungwa, kwa hiyo mawakala sasa wanauza madirisha. Wanasema: nenda kama mgeni, ukifika utabadilisha viza. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kubadili kuwa mfanyakazi akiwa ndani ya Uingereza, ni lazima atoke. Wengine wanasema: nenda kama mwanafunzi, utapata COS ya kuhudumia wazee. Ni kweli kwamba walio ndani ya nchi kihalali wameachiwa nafasi ya kubadili hadi tarehe 22 Julai 2028, lakini ni lazima wawe wameajiriwa kihalali na mwajiri huyohuyo kwa angalau miezi mitatu kabla ya kupewa hati. Tena waajiri wa England wanatakiwa kwanza kuwatafuta wale waliokwama kama mdogo wangu. Mzazi anayelipa karo ya chuo cha ng'ambo kwa hesabu hiyo anacheza kamari na shamba lake.

Kwa wauguzi habari ni tofauti, na naomba isichanganywe. Wao bado wanaweza kupata viza wakitimiza masharti ya baraza la wauguzi la Uingereza. Lakini Kenya iko katika kundi ambalo mashirika hayaruhusiwi kuja kusaka watumishi wa afya isipokuwa kwa njia ya mkataba wa serikali zetu mbili uliotiwa saini 2021. Muuguzi anaweza kutuma maombi yake mwenyewe kwa hospitali. Wakala anayezunguka vyuo vya uuguzi akikusanya pesa za "nafasi" yuko nje ya utaratibu huo.

Mhariri, gazeti lako linasomwa mahali ambapo intaneti haifiki vizuri. Nakuomba matangazo ya kazi za ng'ambo yasipokelewe bila namba ya usajili ya wakala kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na msichana wa dawati la matangazo aithibitishe kabla ya kupokea malipo. Na tangazo lolote la kuhudumia wazee Uingereza likataliwe, kwa sababu kazi hiyo haipo kwa msomaji aliye Kenya. Wizara ya Leba nayo itangaze hivyo kwenye redio za lugha za nyumbani, maana mawakala hawa hupitia makanisani na kwenye vyama vya akina mama kabla hawajafika gazetini.

Mwenye ofa mkononi, ya kazi yoyote ya afya Uingereza, ajue kwamba serikali ya huko huchapisha kwenye mtandao wake orodha ya waajiri wote wenye leseni ya udhamini, na mtu huisoma bure. Kwa huduma za England iko pia orodha ya tume ya ukaguzi, CQC. Tafuta namba ya simu ya mwajiri kwenye orodha hiyo ya CQC, usitumie ile aliyokupa wakala, na uulize kama jina lako wanalijua. Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp. Apige ripoti navyo kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Aliye huku tayari, na saa zake haziendani na mkataba, ahifadhi kila karatasi ya mshahara na ajiunge na chama cha wafanyakazi leo, kabla barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani haijamfikia.

Naomba jina langu lisichapishwe. Mdogo wangu yuko chini ya mdhamini mpya, na Wakenya tunaofanya kazi hii mjini humu tunajuana.

Mhudumu wa wazee,
Leeds, Uingereza