Panga si dawa ya kiti cha pweza wa miiba

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipeleka wageni visiwa vya Bawe na Changuu kwa boti, na kabla ya hapo nilivua na marehemu baba yangu kwenye miamba hiyohiyo. Jumapili iliyopita nimeona jambo ambalo limeninyima raha mpaka leo.

Vijana wawili walikuwa wamesimama kwenye maji ya kiuno, panga mkononi, wanamkatakata kiti cha pweza wa miiba, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, na kuvitupa vipande humohumo baharini. Nia yao ilikuwa njema. Walikwishasikia kwamba mnyama huyu anaua matumbawe, wakaamua kumwua yeye. Nilipowaambia waache, mmoja akaniuliza, "Sasa mzee, tumfuge?"

Lilikuwa swali la haki, na pale majini sikulijibu vya kutosha.

Huyu si yule mwekundu wa mikono mitano ambaye watoto humwokota maji yakipwa. Yule aachwe kabisa. Huyu ana mikono kumi na kitu, wengine hufika ishirini, upana wake ni wa sinia, na mgongo mzima ni miiba yenye sumu. Akikuchoma, mkono unavimba, maumivu hukaa saa nyingi na watu wengine hutapika. Mchana hujificha chini ya mwamba. Usiku hupanda juu ya tumbawe, akalitoa tumbo lake nje kwa mdomo, akalitandaza kama kitambaa na kuiyeyusha nyama ya tumbawe palepale. Asubuhi ukipita unakuta baka jeupe pe, ukubwa wa sinia lilelile. Wengi hudhani ni joto la maji, kama lile lililoipausha miamba yetu mwaka 1998. Zama ulitazame kwa karibu: tumbawe lililopauka kwa joto bado lina nyama yake na linaweza kupona, lakini hili limebaki mfupa mtupu, na haichukui muda mrefu mwani unaota juu yake. Kwa mwaka mmoja, mnyama mmoja anaweza kula kiasi cha mita za mraba sita.

Sasa hilo panga. Kipande chenye sehemu ya kitovu, yaani katikati ya mwili, kinaweza kupona na kuotesha mikono mipya. Na ukimkata jike aliyejaa katika miezi ya joto, umemwaga mayai kwa mamilioni majini. Anayetaka kumwondoa amtoe mzima kwa mchokoo au koleo ndefu, amtie kwenye ndoo, amfukie nchi kavu, juu ya pale maji ya bamvua, yale makubwa, yanapofika. Walinzi wa hifadhi ya matumbawe ya kisiwa cha Chumbe wanawatoa mmojammoja tangu zamani. Australia wazamiaji humdunga sindano moja ya siki au ya nyongo ya ng'ombe, akafa mzima mzima. Wenzetu hao wamekwishaonja: kati ya mwaka 1985 na 2012 ule mwamba wao mkubwa ulipoteza karibu nusu ya matumbawe yake, na watafiti walikadiria kwamba asilimia 42 ya hasara hiyo ilitokana na mnyama huyu.

Hata hivyo si mgeni, ni mwenyeji wa bahari hii. Wakiwa wachache wana kazi yao, maana hupenda zaidi matumbawe ya matawi na ya meza yanayokua haraka, na yale ya polepole yakapata nafasi. Balaa ni wanapozidi, na tunaowazidisha ni sisi. Anayewala ni konokono mkubwa wa baharini, mwenye kombe linalopulizwa kama baragumu. Kombe hilo utalikuta limepangwa kwenye meza za ufukweni, linang'aa, linamsubiri mgeni. Samaki aitwaye kikande naye humgeuza mnyama huyu chali na kumtafuna, na kikande tunamvua. Hata vile vikaa vidogo vinavyokaa baina ya matawi ya tumbawe humbana miguu mpaka akaondoka, lakini nyumba yao tunaivunja kwa nanga na nyavu za juya. Mimi mwenyewe nilitia nanga juu ya matumbawe miaka mingi kabla sijajua, na mahali pale mpaka leo ni kifusi. Halafu yako maji machafu ya mji. Yanakuza vijimea visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo chakula cha watoto wa mnyama huyu wakiwa bado wanaelea.

Nawaomba wanaosimamia uvuvi watuwekee maboya ya kufungia boti pale Bawe, na wauzaji wa makombe waelezwe kwa lugha nzuri wanauza nini. Wana familia, tusiwatukane.

Bamvua lijalo nitakuwa Bawe na koleo na ndoo nne. Wale vijana wawili wameahidi kuja, na mapanga watayaacha nyumbani.

Nahodha wa boti,
Malindi, Unguja