Mabenchi Matupu Chini ya Mwembe: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kijiji Chetu

Wanangu,

Shikamoo zenu mnazonipa njiani nazipokea, lakini mwezi uliopita nilizihitaji zaidi chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, ambako mkutano mkuu uliahirishwa kwa mara ya pili kwa kuwa akidi haikutimia. Tulikuwa wazee, akina mama wachache, na mtendaji aliyekuwa akitazama saa. Wengi wenu mlikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe cha bodaboda, mkilalamika kwamba serikali haisikii.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na kijijini madaraka hayo yamo katika mkutano mkuu, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mtendaji ni mwajiriwa na katibu wa vikao, wala si bwana wa kijiji, ingawa mmezoea kumwendea kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Sisi tuliyaona madaraka yakiondoka. Mwaka 1972 ulipoletwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na jina likawa zuri kuliko jambo lenyewe, maana yaliyofika mikoani yalikuwa madaraka ya maofisa. Ilibidi zitungwe sheria za mwaka 1982 ndipo serikali za mitaa zirudi.

Sasa litazameni boma la zahanati. Tulichanga, tukasomba mawe na mchanga, akina mama wakabeba maji ya kufyatulia matofali, kuta zikafika kwenye renta, kisha kazi ikasimama; leo mbuzi hulala ndani. Fedha zilizobaki ni kiasi gani? Hatujui, kwa sababu taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya mkutano, na mkutano haukai. Simtuhumu mtu wizi. Huenda mahesabu yako sawasawa, ila hayajawahi kuulizwa.

Kwa hiyo njooni, na kabla ya ajenda nyingine yoyote ombeni muhtasari wa kikao kilichopita usomwe, kisha muulize stakabadhi za saruji moja baada ya nyingine, kwa adabu, bila kupiga kelele. Mimi nitaleta daftari nililoandikia michango ya kila kaya tangu tulipochimba msingi. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, hivyo atahitajika mmoja wenu wa kulisoma.

Mzee wenu