Machaguo ya kompaila yakitawanyika, mchezo wa C hausafiri

Mhariri,

Vyuoni hapa Nairobi michezo midogo iliyoandikwa kwa C hupita kutoka kipakatalishi hadi kipakatalishi, na malalamiko ni yale yale: kwenye Linux ya maabara mchezo unachezeka, kwenye Windows ya mwanafunzi unakufa kabla kete ya kwanza haijatoka mkononi. Lawama huangukia lugha ya C, au Windows, au mashine kuukuu iliyonunuliwa mtaa wa Luthuli. Tunaomba nafasi kidogo kwenye ukurasa huu tuitetee mashine. Mara nyingi kosa liko katika machaguo yanayoamuliwa wakati wa kukompaili, yaani kompaila inapogeuza msimbo kuwa programu. Moja limeandikwa ndani ya Makefile (faili ya maagizo ya ujenzi), jingine juu ya faili fulani ya .c, la tatu liko kichwani mwa aliyeuandika mchezo na hakuna mwingine anayelijua.

Tuchukue mchezo wa bao. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Ajua, mchezo mwingine wa mashimo na kete, ina safu 2. Mtu anaweza kutaka msimbo mmoja utoe michezo yote miwili, na kila mmoja uchezwe ama ndani ya terminali ama kwenye dirisha la SDL, maktaba ya kuchora picha na madirisha. Hayo ni machaguo mawili, na mahali pake ni heda moja tu (faili ya .h inayojumuishwa na faili za .c), tuiite mpangilio.h. Kila chaguo liandikwe hivi:

#ifndef BAO_SAFU
#define BAO_SAFU 4
#endif

Mistari hii inasema: kama hakuna aliyetaja idadi ya safu, chukua 4. Anayetaka ajua hagusi faili yoyote; anaongeza -DBAO_SAFU=2 kwenye amri ya gcc, kompaila ya C. Chini yake iwekwe mistari ya kukataa upuuzi, yaani #if inayopima kama thamani si 2 wala 4, kisha #error yenye maelezo kwa Kiswahili cha kawaida. Ni bora kompaila igome saa hiyo hiyo kuliko mchezaji kugundua baadaye kwamba bao lake lina safu 3.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. #ifdef huuliza kama jina lipo, haiulizi thamani yake. Ukiandika, kwa mfano tu, #define BAO_SAUTI 0 kwa nia ya kuzima sauti, kisha ukapima kwa #ifdef BAO_SAUTI, sauti imewashwa. Ukitumia #if badala yake, mtego mwingine unakungoja: jina lisilojulikana huhesabiwa kuwa 0 bila neno lolote. Kosea herufi moja tu, BAO_SUATI, na sehemu nzima ya msimbo itatoweka huku kompaila imenyamaza. Dawa ni kuchagua #if peke yake, kila chaguo liwe 0 au 1, na kuongeza -Wundef kwenye amri, bendera inayoonya jina lisilojulikana likipimwa. Onyo hili halimo ndani ya -Wall, bendera ya maonyo ya kawaida, ndiyo maana wengi hawajawahi kuliona.

Madhara makubwa zaidi hutokea faili moja inaposahau kujumuisha mpangilio.h. Tuseme muundo (struct) wa ubao umeandikwa kwa #if BAO_SAFU == 4 yenye shimo[32], na #else yenye shimo[16]. Faili iliyosahau inaona BAO_SAFU kuwa 0, inachukua mashimo 16. Nyingine zote zinachukua 32. Kila faili inakompailiwa salama, kiunganishi, kinachokusanya faili hizo kuwa programu moja, hakilinganishi ukubwa wa miundo, na programu inatoka. Kisha mchezo unaandika kete juu ya kumbukumbu isiyo yake na kuanguka mahali pasipohusiana na kosa. Mtu anaweza kupekua kazi ya kuchora picha siku tatu, ilhali ugonjwa uko kwenye mstari mmoja wa #include. Andika shimo[BAO_SAFU * 8] moja kwa moja bila #if. Aliyesahau heda atapata kosa la kompaila papo hapo. Juu ya hilo, kompaila za gcc na clang zina -include mpangilio.h, inayoingiza heda hiyo mwanzoni mwa kila faili bila kumtegemea mwandishi.

Make, programu inayosoma Makefile, nayo ina lake. Hutazama saa za faili, haitazami bendera za amri. Ukikompaili bao la safu 4, kisha ukaita make tena na -DBAO_SAFU=2 baada ya kugusa faili moja tu, faili hiyo moja itakuwa ya ajua na zilizobaki za bao. Ni kosa lile lile la muundo, limeingia kwa mlango wa nyuma. Kila mpangilio uwe na saraka yake, kama ujenzi/linux4 na ujenzi/win2, na gcc ipewe -MMD -MP ili ukibadilisha heda, faili zote zinazoitegemea zikompailiwe upya. Wanaotumia CMake, zana nyingine ya ujenzi, wakumbuke CMakeCache.txt: thamani ya zamani hukaa humo hata ukibadilisha thamani ya msingi ndani ya CMakeLists.txt.

Kuhusu kuutambua mfumo wa uendeshaji, kazi hiyo pia ifanyike ndani ya mpangilio.h peke yake. Windows hutambuliwa kwa _WIN32, na jina hilo lipo hata kwenye Windows ya biti 64. Android ipimwe kabla ya Linux, kwa sababu kompaila ya Android hutangaza __ANDROID__ na __linux__ kwa pamoja. Majina mafupi kama linux na WIN32, bila mistari ya chini, yaachwe; ukiiambia gcc -std=c11 (ifuate C sanifu) hayapo tena.

Kisha faili ya kuhifadhi mchezo, na hapa ndipo tunapoona uzembe mwingi. Ukiifungua kwa "w" badala ya "wb", Windows huichukulia kuwa maandishi na kila baiti yenye thamani 10 huongezewa 13 kabla yake. Shimo lenye kete 10 ni jambo la kawaida katika bao. Faili ile ikipelekwa Linux, kila shimo linalofuata limesogea hatua moja. Ikisomwa kwa "r" kwenye Windows, baiti yenye 26 huchukuliwa kuwa mwisho wa faili. Usitupe muundo mzima kwa fwrite, na usitumie long: ni baiti 4 kwenye Windows ya biti 64 lakini 8 kwenye Linux ya biti 64. Tumia uint8_t na int32_t kutoka stdint.h. Hata char si ya kuaminika: kwenye x86 huwa na alama ya hasi, kwenye Linux ya ARM, Raspberry Pi ikiwemo, kwa kawaida haina. Anayeweka jibu la getchar (inayosoma herufi moja) ndani ya char kisha akalilinganisha na EOF, alama ya mwisho wa data, atazunguka milele kwenye Pi.

Machaguo yenyewe yaandikwe mwanzoni mwa faili hiyo: baiti 4 za utambulisho, 1 ya toleo, 1 ya BAO_SAFU, ndipo mashimo yafuate. Mchezo ukikuta safu zisizo zake, ukatae kwa adabu. NetHack, mchezo wa C uliotoka mwaka 1987 na ambao umehamishiwa mifumo mingi, hufanya hivyo. Machaguo yake makuu yamo ndani ya config.h, ya kila mfumo yamo kwenye heda zake kama unixconf.h, na faili iliyohifadhiwa na programu yenye machaguo yasiyooana hukataliwa. Unao pia somo jingine kwa wanaokompailia mfumo mwingine. Wakati wa ujenzi huendesha programu ndogo iitwayo makedefs, na programu ya namna hiyo lazima ikompailiwe kwa ajili ya tarakilishi unayotumia sasa, si ile utakakoupeleka mchezo.

Ili kupata programu ya Windows ukiwa Ubuntu, huhitaji kumaliza bando kwa kupakua gigabaiti kadhaa za Visual Studio. sudo apt install gcc-mingw-w64 inatosha kupata kompaila, kisha x86_64-w64-mingw32-gcc inachukua nafasi ya gcc. Kwa SDL2 utahitaji pia kifurushi chake cha maendeleo kilichotengenezwa kwa MinGW, yaani kompaila hiyo hiyo. Maktaba huja baada ya faili zako, kwa mpangilio huu: -lmingw32 -lSDL2main -lSDL2. Ukikutana na lalamiko kuhusu WinMain, tazama mpangilio huo kwanza, kisha uhakikishe main imeandikwa int main(int argc, char *argv[]). SDL2.dll isafiri pamoja na mchezo. Njia za faili ziandikwe kwa mkwaju wa kawaida (/), ambao Windows huukubali; kwenye msimbo, "C:\bao" si saraka ya bao, kwa kuwa \b katika C ni alama ya kurudi nyuma. Na Kete.png si kete.png mara tu unapofika Linux.

Kuna machaguo yasiyostahili kuwa hapa kabisa. Lugha ya mchezo, rangi, sauti: hayo mchezaji ayabadilishe mchezo ukiendelea. Kila chaguo la ndiyo au hapana huongeza maradufu idadi ya programu za kujaribiwa. Machaguo 5 ni programu 32, 10 ni 1,024, na hakuna kikundi cha wanafunzi kitakachojaribu zote. Wakati wa kukompaili ubakie kwa yale yanayobadilisha muundo wa data, maktaba zinazounganishwa au mfumo wenyewe. Na anayetoa toleo la wachezaji kwa -DNDEBUG ajue kwamba kila assert (ukaguzi ndani ya msimbo) inafutwa pamoja na kilichomo ndani yake. assert(fungua_faili() == 0) itaacha faili haijafunguliwa, na mwandishi hataamini macho yake.

Ombi letu kwa walimu wa C ni dogo: kabla ya kupokea mradi wa mchezo, ukompailiwe mara 2 mbele yao, kwa gcc na kwa x86_64-w64-mingw32-gcc, zote zikiwa na -Wall -Wextra -Wundef, kila moja ndani ya saraka tupu. Kisha faili iliyohifadhiwa upande mmoja ifunguliwe upande wa pili, kete zihesabiwe. Kwa bao, zisipofika 64, mradi urudi kwa mwenyewe.

Waandishi wa programu,
Ngara, Nairobi