Jamu yenye ukoo wa chumvi

Uppsala, Uswidi, 14 Septemba

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila baridi imeshaanza kupiga hodi.

Ulinicheka kwenye simu niliposema huku watu wanakula nyama kwa jamu. Haya, na wewe na achari yako ya ndimu kwenye pilau je? Tunda lenyewe ni dogo, jekundu, lina uchachu wa kukunja uso, linaitwa lingon. Jumapili tumechuma ndoo nzima msituni na hakuna aliyetuuliza; hapa yeyote anaruhusiwa kuchuma matunda ya mwituni.

Jamu yake ni lingonsylt, maneno mawili yaliyounganishwa. Sisi tunatanguliza jamu ndipo tutaje tunda, wao jamu wanaiweka mkiani. Ling- ni ndugu wa ljung, kichaka kifupi cha porini chenye maua ya zambarau. Ile -on utaikuta kwenye matunda yao chungu nzima: hallon, smultron, hjortron. Wewe mwalimu wa ngeli utaipenda hii: peari imetoka Kilatini, nayo ikavishwa -on ikawa päron, kama tufaha la Waarabu lilivyokuja kwetu likavaa ma-, tukapata matufaha.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni sylt. Nilidhani lina maana ya utamu. Kumbe limetoka kwa Wajerumani wa kaskazini, ambao sulte kwao ilikuwa maji ya chumvi, na ukoo wake ni mmoja na salt, chumvi yenyewe! Kusindika nyama kwa maji ya chumvi isioze ndiko kulikoitwa hivyo. Sukari ilipokuja, jina likahamia kwenye matunda. Mpaka leo sylta, yenye a mwishoni, ni nyama ya kichwa cha nguruwe iliyogandishwa. Herufi moja tu, somo! Mimi nimenusurika mara moja dukani.

Na lingon wala halina shida ya kusindikwa. Lina asidi ya benzoiki, kinga ya kutooza, ya kuzaliwa nayo, ndiyo maana zamani walilitia kwenye maji matupu tu likakaa msimu mzima wa baridi.

Nimekufungia kichupa. Usikimbilie kupaka mkate. Jaribu kwanza na maini ya kukaanga. Na umuulize mama mkubwa, achari yake ya maembe huitia chumvi kabla ya kuanika au baada? Nimebishana na mtu hapa, nataka jibu lake.

Wako,
Somo