Saini yangu bado: barua ya wazi kwa vijana wa chama chetu cha kusaidiana

Wanangu na wajukuu zangu,

Karatasi yenu imenifikia. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili baada ya kufuta miwani, maana nilidhani nimeona vibaya. Majina yenu yamejaa mpaka nyuma ya ukurasa. Mnataka mwenzenu aondolewe kwenye kamati kwa sababu ya ile sauti inayozunguka kwenye simu zenu, na nafasi ya saini yangu mmeiacha juu kabisa. Kwa heshima hiyo nawashukuru. Saini sijaweka.

Msikimbilie kusema mzee anawalinda wazee wenzake. Hasira yenu ina msingi. Mmechoka kuambiwa "subirini zamu yenu" na watu ambao zamu yao haiishi. Mmeona mwanamume akikaza sauti kikaoni anaitwa mtu wa msimamo, mwanamke akisema yaleyale anaambiwa ana mdomo. Mwenye nacho akichelewa, kikao kinamsubiri. Asiye nacho akichelewa, anatozwa faini. Haya nimeyaona kwa macho yangu, tena nikiwa nimekaa viti vya mbele, kimya. Hilo ni deni letu wazee na silikwepi.

Ila mtu kuonewa hakumfanyi awe mwadilifu. Mwaka 2003 watafiti Sarah Brosnan na Frans de Waal walieleza jaribio walilowafanyia kima aina ya kapuchini. Kazi ilikuwa ndogo: kima anarudisha kijiwe mkononi mwa mtafiti, analipwa. Wawili wakilipwa kipande cha tango, hakuna neno. Mmoja akianza kulipwa zabibu kwa kazi ileile, yule wa tango mara nyingi aligoma, asilitake tena tango lake. Watu husimulia kisa hiki kuonyesha kwamba haki imo damuni. Mimi humwangalia yule wa zabibu. Yeye hakugoma. Wahenga walishatuambia kwamba nyani haoni kundule, na hawakuhitaji maabara.

Sasa niwape la kwangu, ambalo lilipotokea wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Nilipokuwa na umri wenu na mdomo mkali kuliko wenu, nilisimama kikaoni nikamtuhumu mweka hazina wetu kwamba amekula fedha za wanachama. Ushahidi wangu? Alikuwa na baiskeli mpya, na mtu ninayemwamini aliniambia. Basi. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na sitawaficha, makofi ni matamu.

Yule mzee hakunijibu neno. Alitoa mfukoni daftari lililofungwa kwa mpira, akaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja. Kila risiti ilikuwa imeshikizwa kwa pini, na pini zilikuwa zimeshika kutu, zikaacha madoa ya rangi ya chai kwenye karatasi. Alisoma taratibu, akilowesha kidole kwa ulimi. Hesabu ikatimia hadi senti ya mwisho. Baiskeli alikuwa amenunuliwa na mwanawe. Nilimwomba radhi palepale, akanisamehe, lakini wakati huo nusu ya waliopiga makofi walikuwa wameshaondoka. Mpaka anafariki, wapo waliokuwa wakimwita "yule wa baiskeli."

Ndiyo maana karatasi yenu imenikosesha usingizi. Hiyo sauti nimeisikiliza. Inaanza katikati ya neno, mwenzenu anasema "vijana hawa hawafai," kisha inakatika. Kabla ya hapo alisema nini? Alikuwa anatoa maoni yake, au anasimulia maneno ya mtu mwingine ili ayapinge? Niliwauliza watatu kati yenu. Mmoja akanijibu, "Haijalishi, mzee, tunamjua." Hapo ndipo niliposhtuka. Sisi tukichelewa ni mvua; tusiyempenda akichelewa ni dharau.

Huko Athens ya kale, muda wa kuzungumza mahakamani ulipimwa kwa maji yanayochuruzika kutoka chungu kimoja hadi kingine. Katika kesi za mtu na mtu, kila upande ulipewa maji sawa, na maji yalizibwa wakati nyaraka zinasomwa ili zisile muda wa msemaji. Najua mbishi mmoja kati yenu (unajijua) atanikumbusha kwamba mahakama ya mji huohuo ndiyo iliyomhukumu mwanafalsafa Socrates kifo mwaka 399 kabla ya Kristo. Kweli, chungu hakileti busara. Lakini Socrates alisimama akajitetea kwanza. Mwenzenu hajapewa hata tone.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kukutana, kila mmoja wenu ajaribu kuueleza upande wa huyo mwenzenu mpaka mwenyewe akisikia aseme, "Ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha." Si kazi rahisi. Mwanasayansi Charles Darwin alikuwa na desturi ya kuandika mara moja kila jambo lililopingana na hoja zake, kwa sababu alijigundua kwamba hayo ndiyo anayoyasahau upesi kuliko yanayomuunga mkono. Kama yeye alihitaji kalamu, sisi tunaosikiliza vipande vya sauti usiku tukiwa kitandani tunahitaji nini?

Jumapili saa kumi jioni nipo nyumbani. Mwenzenu nimemwita na amekubali kuja. Anasema rekodi nzima anayo kwenye simu yake. Tutaisikiliza pamoja, toka mwanzo, na hakuna atakayemkatiza, wala mimi. Mkishamsikiliza mkaona bado hafai, kalamu itakuwa pale mezani, kando ya karatasi yenu.

Mzee wenu.